Kumtafuta Mwashi Kilimani

Habari kwamba Mwashi yu hai ililetwa na dereva wa basi la watalii, tena aliileta juujuu, kama mtu anayepitisha salamu, funguo zikimning'inia kidoleni.

Mke wa Mwashi alikuwa dobi wa hospitali. Mtaa mzima ulimwita Dobi, wakubwa kwa wadogo, na yeye mwenyewe alishazoea kuitika. Jioni hiyo ndiyo kwanza alikuwa anatoka kazini, vidole vimesinyaa kwa maji na dawa ya kung'arishia mashuka, anavua viatu mlangoni. Dereva, jirani yake, akasimama kidogo.

"Shemeji, kumbe mzee siku hizi yuko kule kijiji cha kale, juu kilimani?"

"Mzee gani?"

"Mumeo. Leo nimepeleka wageni. Nimemwona juu ya ukuta, nyundo mkononi, anapanga mawe. Nikamwita, hakugeuka. Lakini ni yeye. Mtu unaweza kumsahau sura, ila mkao wake hausahauliki."

Dobi alibaki na kiatu kimoja mkononi. Ndani, nyuma ya pazia, sauti ya mama mkwe ikauliza, "Amesema amemwona nani?"

Mwashi alikuwa ameondoka kwenda kufanya kazi ya msimu mmoja tu. Hivyo ndivyo alivyoaga. Mwanzoni alipiga simu kila wiki. Baadaye simu zikawa fupi, zikawa za hapa na pale, kisha namba yake ikawa haipatikani, na mwaka ukatoka ukaingia mwingine. Walimtafuta kwa waashi wenzake, kwa ndugu, kwa marafiki waliojificha walipomwona Dobi anakuja. Mara moja wahudumu wa mochwari walimwita aje kuangalia maiti isiyo na mwenyewe. Akafunuliwa uso wa mwanamume asiyemjua, akamshukuru Mungu, kisha akatoka nje akamlilia yule mwanamume asiyemjua. Dada yake alimwambia arudi kwao. "Mume hangojwi kama mvua," alisema. Lakini Dobi alikuwa na mama mkwe, na mama mkwe alikuwa na mguu.

Mguu ulikuwa na kidonda cha sukari juu kidogo ya kifundo, kidonda kisicho na adabu, leo kimefunga kesho kimefumuka. Kila jioni Dobi aliuweka mapajani, akauosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, akaufunga bendeji safi. Hapo ndipo soga zilipokolea. Waliusengenya mtaa mzima, wakianza na mwenye nyumba na kumalizia na jogoo wake. Mama mkwe alikuwa na ulimi kama wembe, lakini wembe huo haukuwahi kumgusa Dobi. Zamani, mimba za Dobi zilipokuwa zikiharibika moja baada ya nyingine, mashangazi wa Mwashi walikuja kuitisha kikao, na mama mkwe ndiye aliyewafungulia mlango wa kutokea. "Huyu si mkaza mwana, huyu ni mwanangu," aliwaambia. "Anayetaka mjukuu akazae mwenyewe." Dobi alikuwa chumbani, amelala kifudifudi, akasikia kila neno. Tangu siku ile, kama mama mkwe angemwomba ini, angemuuliza tu alitaka la kukaanga au la kuchemsha.

Sasa mama mkwe alisukuma pazia, akasimama ameshika ukuta.

"Nitafutie ile nguo yangu ya safari."

"Mama, kule ni mlima."

"Kwani nilisema ni bondeni? Tunakwenda kumchukua mwanangu."

"Na akikataa?"

"Nilimbeba tumboni hakukataa. Atakataa leo?"

Siku ya mapumziko ya Dobi ilipofika, dereva aliwaweka kiti cha nyuma yake, akawaambia wageni kwamba hao ni watu wake. Basi likauacha mji, likapita machimbo ya mawe, likaanza kupanda. Kadiri walivyopanda ndivyo mashamba yalivyozidi kuchakaa. Ilionekana wazi kwamba zamani mlima mzima ulikuwa umekatwa matuta kama ngazi, kila tuta limezuiwa kwa ukingo wa mawe. Sasa kingo zilikuwa zimebomoka na udongo umeporomoka makorongoni. Kulikuwa na nyumba zilizopigiliwa mbao madirishani. Mwanamke mmoja alikuwa anapanda mlima na dumu la maji kichwani, na kwa mbali hakuonekana kuwa na mahali pa kulipeleka.

"Mandhari nzuri kweli," mgeni mmoja alisema nyuma, akapiga picha.

"Nzuri kwa anayepita," mama mkwe akajibu bila kugeuka.

Njiani alimpa Dobi masharti. Wasimuulizie kwa mtu yeyote. Mwashi akisikia anaulizwa atakimbia kama alivyokuwa akikimbia sindano utotoni. Waingie kama wageni wengine, watembee, wamkute hapo alipo. "Nikishamshika mkono, mengine niachie mimi," alisema. Dobi alimwachia. Aliona raha, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kuwa na mtu wa kumwachia jambo.

Kijiji kilikuwa juu kabisa ya kilima, kimezungushiwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Kwenye lango aliwapokea mwongozaji, mwanamke mwembamba mwenye kofia pana na viatu vya kazi, sauti yake changamfu. Alipouona mguu wa mama mkwe alikwenda kibandani kwake akarudi na fimbo, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mlango huu ulifanywa mfupi makusudi," aliwaambia wote. "Adui akiinama kuingia anakutana na rungu. Rafiki akiinama, anakuwa amesalimia. Sasa mama yangu, wewe ni yupi?"

"Mimi ni mgonjwa wa mgongo. Nainama hata kabla ya mlango."

Wakacheka wote, na mwongozaji akacheka kuliko wote. Aliwaacha wageni vijana watangulie, yeye akatembea na hao wawili polepole, jiwe kwa jiwe. Aliwaonyesha vyumba vya kuwekea nafaka, vya baridi, vyenye harufu ya vumbi na popo. Aliwaonyesha mawe ya kusagia yaliyochimbika katikati kwa kazi ya wanawake ambao hakuna aliyekumbuka hata mmoja wao. Aliwaonyesha shimo la maji lililochongwa mwambani, kavu, limejaa majani na chupa za wageni.

"Watu walikimbilia huku juu zama za vita," alisema. "Wakakaa vizazi na vizazi. Maji yalipokwisha wakaanza kushuka, nyumba moja moja. Wa mwisho walikuwa ndugu wawili, wazee, waliokuwa hawasemezani. Mmoja alipokufa, mwenzake alishuka siku hiyohiyo."

"Alikuwa anakaa kwa sababu ya nani, basi?" Dobi akauliza.

"Ndiyo hapo, dada. Kununiana nako ni kukaa pamoja."

Dobi alimpenda mwanamke huyu. Alijikuta anamweleza habari za kazi yake, kwamba shuka lenye damu halitiwi maji ya moto, linaloweshwa kwanza kwenye maji baridi, na mwongozaji akasema laiti angelijua hilo mapema, kwani nguo za mumewe, zenye damu ya vidole vinavyopondwa na mawe, zimemshinda. Mume wake ndiye mwashi wa hapa. Huo ukuta wa upande wa mashariki wote ameujenga upya yeye, jiwe moja moja, na kila mvua ikija sehemu inaporomoka, naye anaanza tena.

Fimbo ya mama mkwe iligonga jiwe, ikasimama.

"Ni wa hapahapa, mumeo?" mama mkwe akauliza, sauti yake ya kawaida kabisa.

"Hapana, alikuja na kazi. Alikuja mgane, maskini. Mke wake alifariki huko kwao. Amebaki na mama tu, naye ni mgonjwa, hawezi safari. Kila siku ananiahidi tutakwenda kumwona."

Dobi alikuwa amesimama chini ya jua kali, kwa miguu yake miwili, anaambiwa amekufa.

"Alifariki kwa nini?" aliuliza.

"Homa, nasikia. Hapendi kulizungumzia."

Mama mkwe akautafuta mkono wa Dobi, akaukamata, akaubana. Dobi aliuelewa mkono ule. Ulisema tulia, nimesikia, subiri tufike. Wakaenda hivyo wameshikana, mwongozaji akiwa mbele anaendelea na hadithi zake za vita.

Walimkuta Mwashi upande wa mashariki, amechuchumaa penye ukuta ulioporomoka, amezungukwa na mawe. Mgongo ulikuwa uleule. Kando yake, juu ya gunia, alikaa mtoto wa kike mdogo aliyekuwa anampa vijiwe vya kuzibia nyufa, na kwa kila kijiwe baba mtu anasema asante.

"Baba mtoto, wageni!" mwongozaji akaita.

Mwashi akageuka na tabasamu la kupokea wageni. Akamwona mama yake. Akamwona Dobi. Tabasamu halikujua liende wapi, likabaki palepale usoni, limekauka.

"Mama," alisema.

"Mama?" Mwongozaji aliwatazama, mmoja kwa mwingine. "Mama yako?" Akapiga kofi moja, akaangua kicheko, akapiga magoti palepale kwenye kokoto. "Jamani mama! Saa zote hizi natembea na wewe kama mgeni! Ungesema! Na mguu huu! Njoo, njoo mtoto, msalimie bibi."

Mtoto alikuja. Alikuwa na masikio makubwa yaliyochomoza, masikio ya marehemu baba yake Mwashi, ambayo mama mkwe alikuwa akiyatania hata siku ya matanga yake. Mama mkwe aliyatazama masikio hayo kwa muda mrefu.

"Nimempa jina lako, mama," Mwashi alisema. Hakumtazama Dobi.

Mwongozaji alikuwa anafuta machozi kwa kofia. Akamgeukia Dobi, uso wote umefunguka. "Na dada je? Naye ni wa kwetu?"

Mwashi akaanza kukung'uta vumbi kwenye magoti, akakung'uta na kukung'uta. Dobi hakuhangaika. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa mama mkwe, na aliujua ulimi ule. Alijua kinachofuata.

"Jirani," mama mkwe alisema. "Jirani yangu mwema. Amenisindikiza."

Na mkono ukamwachia.

Mwongozaji alimkumbatia Dobi kwa nguvu. "Mungu akulipe dada yangu. Watu kama nyinyi wamekwisha." Alinuka sabuni ya kipande na jasho la kazi. Dobi alisimama ndani ya mikono ile, neno likiwa kooni, fupi tu, la kutosha kuiangusha nyumba yote ile kwa pumzi moja. Juu ya bega la mwongozaji alimwona mtoto anachagua kijiwe kingine. Alimwona mama mkwe anatazama pembeni. Kama angelisema, lingemwangukia nani? Mwanamke aliyewapa fimbo. Neno likakaa hapo kama mwiba wa samaki, halimezeki, halitemeki.

"Si kitu," alisema.

Walikaa kwenye nyumba ya chumba kimoja karibu na lango, kitanda, jiko la mafuta, nguo za mtoto zimetundikwa kwenye kamba. Chai ikapikwa. Mwongozaji alipotoka kuwamalizia wageni wake, Mwashi alitoka nje, na Dobi akamfuata hadi ukutani.

"Uliniua kwa homa," Dobi alisema. "Hukupata hata ugonjwa wenye heshima kidogo?"

Mwashi aliinamisha kichwa. "Nilishindwa kurudi. Kila nikisema mwezi huu, unapita. Halafu ningekwambia nini?"

"Ungeniambia hutarudi. Maneno mawili."

"Nilijua uko na mama. Nilijua mama hatakosa kitu, akiwa na wewe."

Alilisema kama sifa. Dobi alimtazama, akatafuta moyoni hasira ya kumtosha, akakuta haipo. Miaka yote hiyo alikuwa ameuosha ule mguu, na mtu huyu alikuwa amelala usingizi mzuri juu ya hilo.

"Utamwambia?" Mwashi akauliza, akionyesha kwa kidevu upande alikokuwa mkewe.

"Wewe umeniambia mimi?"

Mwashi akaokota jiwe, akaligeuzageuza, kama analitafutia mahali.

Honi ya basi ilipolia kwenye maegesho, Dobi aliingia ndani kumchukua mama mkwe. Alimkuta amekaa kitandani, mtoto amelala mapajani, juu ya ule mguu mbaya.

"Mama, basi."

"Funga mlango kidogo, mwanangu."

Dobi akafunga.

"Mimi nimebakiza siku ngapi?" mama mkwe alisema, chinichini, asimwamshe mtoto. "Hii ni damu yangu. Nimeisubiri mpaka nikaacha kuisubiri. Ningesema ukweli pale, yule mwanamke angefunga virago na kuondoka na huyu. Ningemwona wapi tena?"

"Na mimi?"

"Wewe bado una nguvu. Utapata mtu."

"Mama, ulisema mimi ni mwanao."

Mama mkwe alilia, lakini mikono yake haikumwachia mtoto hata kujifuta. "Nilisema," alijibu. "Na sikudanganya. Ila leo nimeona mjukuu."

Dobi alichuchumaa. Kwa mazoea tu akatazama bendeji, akaona imelowa kwa kutembea, akaibadilisha kwa ile ya akiba aliyokuwa nayo mkobani. Hakukuwa na soga safari hii. Alipomaliza, mama mkwe alinyoosha mkono kumgusa kichwa, na Dobi akajikuta ameshasimama.

Mwongozaji alimsindikiza hadi kwenye basi, anamwelezea jinsi atakavyomtunza mama. Dobi alimfundisha kila kitu. Maji yachemshwe, yatiwe chumvi, yapoe kabisa. Bendeji isikazwe. Asipewe vitu vitamu hata akiomba, na ataomba, kwa maana ni mjanja. Harufu ikibadilika, hospitali siku hiyohiyo. Mwongozaji alirudia kila neno kama mwanafunzi.

"Mama je?" dereva aliuliza Dobi alipokaa peke yake kwenye kile kiti cha wawili.

"Amebaki."

Dereva alimtazama kwenye kioo, akawasha gari. Wageni walikuwa wamechoka, wengi walilala kabla ya kufika kwenye yale matuta yaliyoporomoka. Dobi hakulala. Aliangalia mashamba yakipita na hakuweza kufikiri jambo lolote, isipokuwa kwamba kesho ana zamu ya asubuhi, mashuka ya wodi ya wazazi.

Baada ya wiki kadhaa dereva alitumwa kuchukua vitu vya mama mkwe. Dobi alivifua vyote, hata vile visafi, akavipiga pasi, akavikunja. Godoro walilibeba wawili hadi kwenye basi. Chumba cha mbele kikabaki na alama ya kitanda sakafuni. Dada yake alimwita tena arudi kwao, lakini kwao wazazi walishafariki na nyumba imejaa wake za kaka zake. Watu wa mtaani walimuuliza Mwashi alisemaje. Aliwajibu kwamba hajambo.

Aliendelea kuamka mapema. Jioni alirudi, akachemsha maji, kisha akakumbuka, akayaacha jikoni yapoe bila kazi. Hilo lilimtokea siku nyingi kabla mikono haijazoea.

Mvua zilipoanza, dereva alipita tena mlangoni.

"Yule mke wa Mwashi anakusalimu sana," alisema. "Anasema usiwatupe, njoo hata siku moja uwatembelee. Mtoto anakuulizia yule shangazi wa bendeji."

"Mama hajambo?"

Dereva alihamisha funguo kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Nilimwona jana, mlangoni tu. Shemeji, ule mguu unanuka. Hadi nje unanuka."

Dobi alijua harufu ile. Aliwahi kufua mashuka yenye harufu hiyo, yale yanayoletwa yamefungwa peke yake kwenye mfuko mweusi.

"Wamlete hospitali. Leo. Wamwambie daktari ni sukari."

"Nilimwambia Mwashi. Anasema mvua zipungue kwanza. Ukuta wa mashariki umeanguka wote, umeziba njia ya gari. Mimi mwenyewe niliacha basi chini nikapanda kwa miguu, na leo sidhani kama hata kwa miguu kunapitika."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, nzito, isiyo na haraka. Dobi aliingia ndani, akachukua bendeji zilizobaki kabatini, akazitia kwenye mfuko, akavaa viatu. Akafika mlangoni. Barabara ya mtaa ilikuwa imeshakuwa mto, na dereva alikuwa ameshajiendea kwake. Alisimama pale na mfuko wake, akitazama upande ambako kilima kingeonekana kama kungekuwa na mwanga, hadi maji yalipoanza kuingia ndani. Ndipo akauweka mfuko chini, akachukua ufagio, akaanza kuyasukuma nje.